Chini ya Karamu

Saa mbili kasorobo asubuhi Marlis Klippenstein alikuwa amepiga magoti katika ukumbi wa michezo wa shule ya Horná Brezina, akibandika kwa gundi zabibu za plastiki kwenye sahani. Barabara ya mlimani ilikuwa imeitikisa kombi jana yake na zabibu zikaachana na vikonyo. Upande wa pili Corwin alikuwa anahangaika na meza ya kukunja, ambayo mguu wake mmoja ulikuwa haukubali kusimama mpaka upigwe teke. Verlin Toews, kiongozi wao, alikuwa anapima kwa hatua umbali wa kutoka mezani hadi benchi la kwanza. Nje theluji ya Machi ilikuwa imeshageuka tope.

Kikundi chote kilikuwa hao watatu. Walitoka Manitoba mara baada ya Krismasi, wakashusha mizigo yao Slovakia, wakakodi kombi na kuanza kuzunguka shule za mashariki ya nchi. Verlin, mwanamume wa miaka sitini na kitu mwenye magoti mabovu, aliwahi kuuza bima za mazao kabla ya kusikia wito. Corwin alikuwa mpwa wake. Marlis alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Aliacha kazi katika kliniki ya mifugo, na kanisa lake la wakulima wa ngano likamwekea mikono na kumwombea siku ya kuondoka, mama yake akilia kwa furaha katika safu ya mbele.

Mchezo wao ulikuwa mmoja, wa yule tajiri aliyeandaa karamu. Verlin ndiye tajiri. Corwin aliigiza waalikwa wote wanaotoa udhuru, akibadili kofia tu. Marlis alikuwa mtumishi anayetumwa barabarani na vichochoroni kuleta yeyote atakayemkuta. Alikuwa akitoka kwa mlango wa ukumbi, akisimama kidogo koridoni, kisha akirudi na kuchukua watoto wachache wa benchi la mbele ili wakae mezani. Watoto hao huteuliwa na walimu mapema, huja na mashati yaliyopigwa pasi, na hujua kusema asante kwa Kiingereza.

"Leo utembee kama mtu aliyetumwa na tajiri," Corwin alimwambia. "Jana ulitembea kama umetumwa dukani kukopa sukari."

"Wewe kaa na kofia zako," Marlis alijibu.

Kwa shule, yale yalikuwa mazoezi ya Kiingereza na maadili mema. Hakuna maombi, hakuna kuita watoto mbele. Verlin aliyashika masharti hayo kama mtu aliyebeba trei ya mayai, kwa sababu katika wilaya waliyotoka Corwin aliwahi kuomba na mtoto aliyekuwa analia koridoni, na kesho yake shule zote za huko ziliwafungia milango. Wilaya hii ndiyo iliyobaki.

Ukumbi ulijaa saa tatu, isipokuwa mabenchi mawili ya nyuma. Mwalimu Dagmar, aliyefundisha Kiingereza, alisimama pembeni akitafsiri. Waalikwa wakatoa udhuru wao, watoto wakacheka kila Corwin alipobadili kofia. Marlis akasogea mbele ya meza, akamwinamia Verlin na kumwambia, "Bwana, viti bado vitupu."

Aliposema hivyo mbao za sakafu zikaacha kuwa mbao. Hakukuwa na mlio wowote. Vanishi ya njano ilififia kuanzia katikati ya ukumbi ikielekea ukutani, kama mvuke unavyojiondoa kwenye dirisha la jikoni, na mistari ya uwanja wa mpira wa kikapu ikabaki inaelea. Chini ya miguu yao kukaonekana darasa.

Watoto walikuwa wamekaa wawiliwawili kati ya mabomba ya kupasha joto, wengi wakiwa na makoti mwilini. Mwalimu wao kijana alikuwa ubaoni, amekinga macho kwa kiganja kwa sababu taa za ukumbi zilikuwa zimemwangukia ghafla. Kisha akashusha mkono na kuendelea kuandika. Watoto waliinua nyuso, mmoja baada ya mwingine.

Mwalimu Dagmar alitafsiri ile sentensi ya viti. Mvulana mmoja wa ukumbini aliuondoa mguu wake uliokuwa umekaa sawasawa juu ya kichwa cha mtu. Jirani yake akauweka wa kwake hapohapo. Wasichana waliovaa sketi walikunja makoti yao na kuyakalia. Mkuu wa shule, Bi Kmecová, alimnong'oneza Mzee Gejza, mtunza jengo, naye akaja kwa kunyata, akachuchumaa, akaigonga sakafu kwa vifundo vya vidole na kutikisa kichwa kuonyesha kwamba ni imara. Mchezo ukaendelea. Marlis alitoka koridoni, akarudi, akawachukua watoto wenye mashati ya pasi. Alipokuwa akiwaongoza mezani aliona chini yake msichana mwenye msuko mmoja mnene, anamfuata kwa macho hatua kwa hatua.

Baada ya makofi Bi Kmecová aliwaomba radhi, kwa sauti ileile ambayo mtu huomba radhi kwa choo kisichovuta maji. Jengo ni la enzi za chama cha kikomunisti, alisema. Kila mwaka linaharibika mahali pengine.

Wakati wa chakula cha mchana waliketi naye mezani, wakala supu ya maharage na maandazi yenye mbegu za mpopi. Bi Kmecová aliwaongezea supu kwa mkono wake mwenyewe. Marlis aliuliza wale wa chini ni akina nani. Dagmar aliitazama supu yake kwanza, ndipo akaeleza kuwa lile ni darasa maalumu, la watoto wa Kiroma, wale wanaoitwa Wajipsi, kutoka makazi ya ng'ambo ya mto, ambao majaribio yalionyesha kwamba wanahitaji mwendo wa polepole zaidi. Wana mwalimu wao, wana saa zao za mapumziko na za chakula.

Marlis akauliza kama wangeweza kupanda kesho kuangalia mchezo. Bi Kmecová akasema kwa masikitiko kuwa ukumbi umejaa. Marlis akataja mabenchi mawili ya nyuma. Hapo Verlin akasifu maandazi kwa sauti kubwa na kuuliza yanapikwaje, na chini ya meza kiatu chake kikamgusa Marlis kwenye muundi wa mguu.

Alasiri, wenzake wakifunga kofia na sahani, Marlis alishuka ngazi za chini. Alikuwa amejitayarishia kisingizio cha kutafuta choo. Kwenye ngazi ya mwisho alimkuta yule msichana wa msuko anafunga kamba za viatu.

"Choo kiko juu, anti," msichana akasema kwa Kiingereza. "Cha huku kimefungwa."

Kiingereza chake kilikuwa cha kaskazini mwa Uingereza, kimeiva, kimekaa mdomoni bila taabu. Kilikishinda kile cha Mwalimu Dagmar. Marlis alimuuliza alijifunzia wapi. Akajibu kuwa anaitwa Erika, na kwamba waliishi Sheffield tangu akiwa mdogo, baba yake akifanya kazi ya kufungasha nyama ya kuku kiwandani, mpaka bibi yake alipougua wakarudi.

"Sasa mbona uko darasa hili?"

"Nilipofika walinipa mtihani wa picha. Picha nilizijua zote, lakini nilizitaja kwa Kiingereza. Yule mama akaandika kwamba sijui." Erika alivuta kamba, akajaribu kiatu kwa kukanyaga. "Hasira hakuwa nazo. Alinipa peremende."

Marlis akauliza kama kule chini wanauona mchezo.

"Tunaona nyayo. Na chini ya meza. Vikombe vyenu havina kitu ndani."

"Ni maigizo, Erika."

"Najua ni maigizo. Sisi si wajinga." Akasimama. Alikuwa mrefu kuliko Marlis alivyodhani. "Yule bwana wako anakutuma barabarani ukatafute watu, sivyo? Mbona unaishia koridoni? Sakafu ya koridoni nayo iko wazi, nilikuona. Ulikuwa unaangalia kucha zako."

Kengele ikalia. Erika akaingia darasani na kuufunga mlango taratibu, kama watoto waliozoea kukemewa kwa kuubamiza.

Jioni hiyo, katika nyumba ya wageni ya parokia, Marlis aliyasema yote kabla mkate haujakatwa. Alieleza habari za mtihani wa picha na za choo kilichofungwa. Kisha akasema kesho anataka kushuka na kuwaleta wale mezani, kwa sababu mchezo wenyewe ndivyo unavyosema. Corwin aliacha kutafuna. Verlin alikuwa ameshika kisu cha mkate na hakukiweka chini.

"Mimi si kipofu, Marlis," alisema. "Niliwaona kabla yako. Nilikuwa nimesimama juu ya mmoja muda wote wa mchezo, na sikuwa na pa kusogea."

Akaeleza polepole, kama alivyokuwa akiwaeleza wakulima hasara ya mvua ya mawe. Wao ni wageni. Wakigeuza meza ya watu, mlango utafungwa, tena si wa shule hii pekee, ni wa wilaya nzima, na baada ya wilaya hii hakuna nyingine. Watoto wale watabaki palepale walipo, ila hatakuwepo tena mtu wa kuja kwao.

"Kuja kwao kufanya nini?" Marlis aliuliza.

Verlin akakata mkate. Vipande vilitoka vinene upande mmoja na vyembamba upande mwingine. Corwin alijaribu kusema kitu kuhusu zabibu za plastiki, akaona hakichekeshi, akakiachia njiani. Mwishowe Verlin akamtaka Marlis aahidi kwamba kesho, mbele ya wazazi, atachukua watoto wa benchi la mbele kama ilivyopangwa.

"Nimekusikia," Marlis alisema.

Verlin aliuchukua ule usikivu kuwa ni ahadi, akalala. Marlis alikaa kitandani amevaa viatu. Aliwaza mikono ya wazee wa kanisa kichwani mwake, ilivyokuwa mizito na yenye joto, na akajaribu kukumbuka kama kuna aliyemwambia la kufanya siku ambayo kazi na ujumbe wake vitakapoelekeana uso kwa uso. Hakukumbuka.

Asubuhi sakafu ilikuwa bado wazi. Wazazi waliingia wakakanyaga bila kusita. Habari zilikuwa zimeshaenea mjini, na akina mama waliovaa magauni walikuja na mitandio ya kufunika magoti. Walitoa simu zao kuwapiga picha watoto wao. Kule chini mwalimu kijana, aliyeitwa Radovan, alikuwa amesogeza madawati ya mbele upande wa ukuta, na watoto walikuwa wamekaa wakitazama juu bila kujificha. Erika alikuwa amesimama chini ya mlango wa koridoni.

Corwin alibadili kofia na wazazi wakacheka. Sauti ya Dagmar ilikuwa nzuri kuliko jana. Marlis alisema maneno ya viti, na Verlin, kama ilivyo kwenye mchezo, akamwamuru aende barabarani na vichochoroni. Alimtazama machoni alipokuwa akisema, na mtazamo huo haukuwa wa mchezo.

Koridoni Marlis alisimama mahali pake pa kawaida. Chini ya viatu vyake Erika alikuwa anamwangalia kwa utulivu wa mtu anayeangalia basi ambalo huenda lisisimame. Marlis akageuka, akashuka ngazi.

Mwalimu Radovan alimuuliza mlangoni kama ana ruhusa.

"Nimetumwa," Marlis alisema.

Radovan akainua uso darini. Viatu vyeusi vya Bi Kmecová vilikuwa juu ya meza yake, vimekaa sambamba. Alivitazama kitambo, halafu akasema chaki zimeisha, anakwenda kuzitafuta stoo, na kwamba stoo yenyewe haina mpangilio, kwa hiyo atachelewa. Boksi la chaki lilikuwa mkononi mwake. Akatoka nalo.

Marlis aliwaambia watoto kwamba kila kitu kiko tayari na wanangojwa. Erika akatafsiri. Wengi hawakuinuka. Mvulana mmoja mkubwa alisema jambo fupi, na Erika akaeleza: anasema wakienda watachekwa, na baada ya kuchekwa watarudi, na kurudi ndiko kubaya. Waliomfuata Marlis walikuwa Erika, wasichana watatu waliokuwa wameshikana mikono, na mapacha wa darasa la kwanza walioamini kwamba kuna chakula.

Mlangoni mwa ukumbi alisimama Mzee Gejza na funguo zake. Akawatazama watoto, akatazama viatu vyao. Kisha akasema wafute miguu. Wakafuta kwenye mkeka, mmoja mmoja, kwa uangalifu mkubwa, naye akafungua.

Dagmar aliishia katikati ya neno. Simu zilizokuwa zimeinuliwa zikabaki zimeinuliwa. Watoto wale wakauvuka ukumbi nyuma ya Marlis, na wenzao waliobaki chini walikuwa wanawafuata kwa vidole. Erika akafika mezani, akamwamkia Verlin kwa Kiingereza, akavuta kiti na kuketi. Wengine wakafanya kama yeye. Mapacha walikaa kiti kimoja.

Hapo tajiri husema maneno yake. Verlin aliyasema katika shule nyingi, huku mikono ameitandaza. Sasa mikono ilikuwa imeng'ang'ania mgongo wa kiti. Benchi la mbele, wale wa mashati ya pasi walikuwa bado wanangoja zamu yao, mmoja wao ananyanyua kidole kukumbusha kwamba yupo.

"Karibuni," Verlin akasema. "Ni nyinyi niliokuwa nawangoja."

Alisema kwa sauti ndogo mno, Dagmar akalazimika kumwomba arudie. Akarudia. Dagmar akatafsiri, shingo yake ikawa nyekundu mpaka masikioni.

Mwanamke mmoja wa safu ya pili alisimama, akamwita mwanawe kwa jina, akamvalisha skafu. Hakupaza sauti. Aliomba radhi kwa kila goti alilolipita, kama mtu anayetoka ibadani kabla ya baraka. Mwingine akafuata, na mwingine, na baada ya hapo mabenchi yakawa yanaachwa kwa zamu, kwa adabu, samahani, samahani tafadhali. Miguu yao ilipita juu ya vichwa vya waliokaa chini, na kule chini vichwa vilikuwa vinageuka pamoja, kulia kwenda kushoto, mpaka mguu wa mwisho ulipotoka. Bi Kmecová alisimama mlangoni akishika mikono ya watu na kuomba msamaha.

Ukumbi ukabaki mtupu, pacha mmoja akauma mkate wa maigizo, uliotengenezwa kwa sponji, na kuutoa mdomoni.

Verlin alikwenda kwenye koti lake na kurudi na chakula chao cha safari, vipande vya mkate wa jana na jibini, akavigawa kwa kisu chake cha mfukoni. Magoti yalimuuma akainama nusu. Watoto walikula haraka, bila kuzungumza, kama watu wanaojua mapumziko ni mafupi.

"Mchezo ndio umeisha?" Erika aliuliza.

"Kwa kawaida huishia hapa," Verlin alisema.

"Na kesho?"

Corwin alivua kofia yake na kuiangalia ndani. Kengele ikalia, watoto wakapangusa makombo mezani kwa viganja, wakashuka.

Ofisini Bi Kmecová hakugomba, na hilo lilimtisha Marlis zaidi. Aliwaomba wakae. Akawaeleza kwamba simu zimeshaanza kupigwa. Mji wa jirani una shule nzuri, na wazazi wenye magari wamekuwa wakiitazama shule hiyo kwa miaka mingi. Kila mwaka yeye hukaa sebuleni mwao na kuwabembeleza wabaki. Watoto wao wakiondoka shule hii itafungwa, na darasa la chini ndilo litakaloanza kufungwa. Wale watapelekwa shule maalumu nyuma ya milima, kwa basi linaloondoka kabla hakujapambazuka. Radovan mwenyewe, aliongeza, amepata onyo kwa sababu ya chaki.

Marlis akasema Erika anajua Kiingereza kuliko mtu yeyote katika jengo hili.

"Najua," Bi Kmecová alisema. Alikuwa amechoka, na kwa mara ya kwanza hakuficha. "Nyinyi mnakuja na meza yenu, mnakula, mnakunja meza, mnakwenda zenu. Mimi ndiye ninayebaki na jengo."

Hakuwafukuza wilayani. Alisema ataifikiria ratiba ya mwakani. Alikuwa na ombi moja tu. Stoo kuna zulia la plastiki, la kijani, lililonunuliwa wakati wa mashindano ya wilaya. Linatosha ukumbi mzima lakini ni zito, na Mzee Gejza peke yake haliwezi. Wazazi wanataka kuliona limetandikwa kabla ya kipindi cha mazoezi.

Verlin alikubali hata kabla Bi Kmecová hajamaliza kusema, kwa uso wa mtu aliyepewa nafasi ya kulipa.

Zulia lilikuwa limeviringishwa kama shina la mti. Walilisukuma mpaka ukutani, na Verlin, Corwin na Gejza wakaanza kulifungua. Marlis alisimama kando ya dirisha, mikono mifukoni. Alimwona Verlin akipiga magoti juu ya ile sakafu, mara moja, mara ya pili, akivuta, uso umeiva, mshipa wa paji umesimama. Chini yake watoto walikuwa wamerudi kwenye madawati. Zulia likaenda upande. Gejza akaashiria kwamba linahitaji mtu wa nne, vinginevyo litakunjana katikati na itabidi waanze upya.

"Marlis," Verlin aliita bila kugeuka. Pumzi zilikuwa zimemwishia. "Shika pembe hiyo."

Hakutoa mikono mifukoni. Verlin akajaribu kwenda mwenyewe kwenye ile pembe, goti likakataa, akabaki ameegemea kiganja kimoja, chini ya kiganja kile mtoto fulani akiandika. Verlin alikuwa mzee kuliko baba yake Marlis. Marlis akaenda, akaishika pembe.

Walitembea kinyumenyume. Giza lilipita chini dawati kwa dawati, na Radovan alikuwa anatembea nalo, akiwasha taa za darasani safu baada ya safu. Mtoto aliyefikiwa na giza hakuinua tena uso. Erika alikuwa amehamisha kiti chake hadi kwenye mabomba, mahali ambapo mwanga ungechelewa kwisha, na alikuwa anafanya kazi yake huko daftari likiwa mapajani. Marlis alipokuwa juu yake kabisa Erika aliacha kuandika. Akamtazama. Aliinua mkono, kiganja kimekunjuliwa, na haikujulikana kama anaaga au anazuia.

Marlis aliishusha pembe ikiwa imekunjwa. Pakabaki nafasi yenye ukubwa wa sahani, na ndani yake msuko wa Erika na nusu ya uso wake. Marlis akakanyaga pembeni pa mkunjo ili usifumuke, akasimama hapo akijitia anapumzika.

Mzee Gejza alikuja na nyundo na misumari mifupi. Alikuwa akipigilia ukingo kwa mpangilio, na misumari ilizama kwenye sakafu ile kama kwenye mbao, bila ufa wowote. Alipofika kwa Marlis akamgusa bega asogee. Marlis hakusogea mara moja. Gejza akangoja kwa heshima, nyundo mkononi, kama mtu anavyomngoja mgeni amalize kufunga kamba za viatu. Corwin na Verlin walikuwa wanabeba meza kwenda nje. Marlis akasogea.

Gejza akauona mkunjo. Alikuwa mtu nadhifu. Akaunyoosha kwa ncha ya kiatu, akaukanyaga ulale vizuri, akapiga misumari miwili pembeni na mmoja katikati. Kisha akainuka kwa taabu, akampa Marlis mkono, akamshukuru kwa msaada wake.

Marlis akamjibu kama alivyofundishwa kujibu shukrani kwa lugha yao. Mlango wa ukumbi ukafunguliwa, na watoto wa darasa la tano wakaingia wakikimbia na raba zao safi, na mpira wa kwanza ukadunda juu ya zulia.